"Hatimaye" ya Mwingereza si "eventualmente" ya Mwitaliano

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Kirumba, vyumba sita. Mwezi uliopita nilipokea Waitaliano wawili, mume na mke. Ijumaa walivuka kwenda Ukerewe, na kabla ya kupanda meli mume akaniandikia kwa Kiingereza kwenye simu: "Eventually we need the room on Sunday." Nikafungua kamusi, nikakuta "hatimaye". Basi chumba nikakiweka, nikarudisha wateja wawili. Jumapili kimya. Jumatatu wananipigia wako Nansio, mji wa hukohuko Ukerewe, hawana wasiwasi wowote. Nilipomweleza hasara yangu, yule baba alishangaa kweli, akasema hakuniahidi kitu. Je, alinidanganya, au Kiingereza changu ndicho kibovu?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole kwa hasara. Hakukudanganya, na kamusi yako haina kosa. Mgeni wako aliandika Kiingereza huku akiwaza Kiitaliano. Kwao kuna neno eventualmente, ambalo kwa sura ni pacha wa eventually, ila maana yake ni "ikibidi", "ikitokea", "pengine". Yeye alikuwa anakwambia: "Ikitokea tukarudi Jumapili, tutahitaji chumba." Wewe ukasoma kuwa lazima watarudi, ni suala la muda tu.

Tofauti yenyewe iko hapo. Mwingereza akisema eventually, jambo lina hakika. Kisichojulikana ni lini. Mwitaliano akisema eventualmente, hata kutokea kwenyewe hakuna hakika.

Maneno haya yamechipuka kwenye shina moja la Kilatini, evenire, yaani kuja nje, kutokea. Sisi Waswahili tunaweza kuliona hili vizuri kuliko wengi, maana "toka" yetu imezaa "tokea" na pia "matokeo". Mwingereza akachukua upande wa matokeo, mwisho wa mambo. Mwitaliano akabaki na upande wa kutokea, lile ambalo huenda likaja au lisije. Mfaransa na Mjerumani wako upande wa Mwitaliano, wana éventuellement na eventuell, kwa hiyo wakikuandikia eventually nao waulize mara mbili.

Neno hili limeniuma mimi mwenyewe, tena kwa kulitumia kinyume. Miaka ya tisini nilikuwa karani wa kampuni moja ya minofu ya sangara, nikiandika barua kwa Kiitaliano nilichofundishwa na sista mmoja parokiani. Tuliagiza Italia kipuri cha mashine ya barafu, tukatanguliza nusu ya bei. Nikaandika: "Eventualmente pagheremo il resto." Nilikusudia kusema kwamba hatimaye salio tutalilipa. Wao wakasoma: "Salio, pengine tutalilipa." Wangetuma mzigo vipi? Walikaa nao wiki tatu, na sisi wiki hizo tulinunua barafu kwa majirani, samaki wa alfajiri wakianza kulegea kabla ya saa nne. Nilipaswa kuandika "Pagheremo il resto entro marzo", tutalipa kabla Machi haijaisha. Kwenye deni, tarehe inaeleweka kwa kila mtu.

Sasa, eventually ya Kiingereza Mwitaliano huisemaje? Hana neno moja, anachagua kufuatana na hali. Tuchukue kivuko cha Ukerewe kilichochelewa. Kimeshaondoka, unasimulia tu: "Alla fine il traghetto è partito." Bado mko gatini, na unaamini kitaondoka: "Prima o poi il traghetto partirà", yaani mapema au baadaye. Jambo linalokuja polepole, kama mtoto kuzoea maji, ni col tempo, kadiri siku zinavyokwenda. Na ile furaha ya kukiona kinang'oa nanga baada ya saa tatu za jua ni finalmente. Hapa angalia sana, kwa sababu "hatimaye" yetu hubeba kusimulia na kushusha pumzi kwa pamoja, wakati Mwitaliano amevitenga. Ukisema "finalmente è partito" juu ya mgeni aliyeondoka kwako, umesema ulikuwa umemchoka.

Njia ninayoipenda zaidi haina kielezi kabisa. "Abbiamo finito per dormire a Nansio": tukaishia kulala Nansio. Ona kitenzi finire kinavyofanya kazi ileile ya "kuishia" kwetu. Hapo Kiswahili kinakufikisha kwenye Kiitaliano bila kupitia kwa Mwingereza, na wanafunzi wangu huwa nawaambia wapite njia hiyo kila inapowezekana.

Kuhusu chumba, wakija tena usibishane nao juu ya Kiingereza. Mwandikie: "Domenica la camera vi serve di sicuro o solo eventualmente?" Maana yake: Jumapili mnakihitaji chumba kwa hakika, au ikibidi tu? Akijibu di sicuro, omba malipo ya usiku mmoja kabla hawajapanda meli. Akijibu eventualmente, mpe chumba mteja mwingine.