Umeya wa mji mdogo: ni ngazi au ndo mwisho wa safari?

SWALI: Habari dada. Nimegombea udiwani mara mbili nikaanguka, sasa ndugu zangu wananiambia niachane na siasa, ila ndoto yangu ni umeya, hata wa kamji kadogo tu. Kuna mtu kweli ametoka huko akafika mbali au najidanganya?

JIBU: Hujidanganyi mdogo wangu, na mara mbili mbona kidogo. Yule mzee Bernie Sanders wa Marekani, miaka ya 70 aligombea ugavana na useneta mara nne akapigwa zote nne, halafu 1981 akajaribu umeya wa Burlington, mji wa watu kama 38,000 hivi huko jimbo la Vermont, akashinda kwa tofauti ya kura 10. Kumi! Hiyo ni familia moja na jirani zao, kwa hiyo ukizunguka kuomba kura usiruke mlango hata mmoja.

Ila nataka unielewe hapa, maana wengi wanadhani umeya ni joho na mkufu basi. Baraza la mji lilimgomea Sanders, karibu wote aliowateua wakakataliwa, akabaki na kiti bila watu wa kufanya nao kazi, mpaka mwaka uliofuata wapigakura wakamuongezea wenzake barazani ndo mambo yakaanza kusogea. Na kuna nchi wananchi hata hawampigii meya kura, madiwani wanamchagua mmoja wao, na hela anasaini mkurugenzi, sasa hapo bila madiwani utafanya nini?

Kilichombeba ni kazi ya kuonekana. 1984 mji ulitoa dola 200,000 kuanzisha shirika la ardhi ya jamii, yaani unanunua nyumba ila ardhi inabaki ya shirika, na ukihama unauza kwa bei yenye kikomo ili mwenye kipato kidogo naye apate pa kukaa. Mimi hilo nalipenda sana. Alitoka umeya 1989, na katikati aligombea ugavana 1986 na ubunge 1988 akaanguka kote, akaja kuingia bungeni uchaguzi wa 1990.

Kwa hiyo gombea tena udiwani, ila kwanza anza kwenda vikao vya baraza vile vya wazi, kaa nyuma na daftari, andika nani anamsapoti nani na bajeti inakwama kwenye nini. Ukishahudhuria vitatu vinne niandikie tena uniambie umeona nini.