Kadi moja, rangi mbili: Topps za 1962

Umeuliza kama kadi yako ya 1962 ya Topps (kampuni ya Marekani ya kadi za kukusanya zenye picha za wachezaji) iliyogeuka kijani ni feki, kwa kuwa nakala nyingine ya mchezaji huyohuyo ina rangi za kawaida. Rangi peke yake isikutie wasiwasi. Kadi za besiboli za mwaka huo, namba 110 hadi 196, zilichapishwa kwa namna mbili, na kundi moja lilitoka na ukijani unaoonekana hata usoni mwa wachezaji. Picha nyingine zimekatwa tofauti kidogo pia, kwa hiyo zilinganishe pembeni.

Chukua lenzi ya kukuzia. Ofseti ya zamani, yaani uchapaji wa kutumia mabamba ya wino, hujenga picha kwa vitone vya samawati, majenta, njano na nyeusi, kila rangi na bamba lake. Bamba likisogea kidogo tu, rangi ya midomo inatoka nje ya mstari. Kadi za kampuni ya Leaf za mwishoni mwa miaka ya 1940 zimejaa kasoro hiyo, ilhali zile za rangi za kampuni ya Bowman za 1953 ni safi ajabu. Kwangu mimi hakuna zilizozipita enzi zile. Kinachotia shaka ni maandishi meusi yaliyoundwa kwa vitone, kwani kwenye kadi halisi huwa ni wino mzito mfululizo.