Maswali ya Wasomaji: Msimu wa 2024 Gari Lipi Lilikuwa na Mbio Kweli?

SWALI: Habari za kazi kaka. Naandika toka Pasiansi hapa Mwanza. Kijiweni kwetu kuna ubishi wa Formula 1 hauishi, jamaa mmoja anasema 2024 Red Bull ndo ilikuwa na gari kali kuliko wote maana Verstappen kabeba ubingwa, mwingine anasema acha uongo, kombe la timu walibeba McLaren. Sasa mtu unajuaje gari lipi linakimbia kweli? Tusaidie maana bado kidogo watu washikane mashati.

JIBU: Wanahesabu vikombe mdogo wangu, na vikombe havipimi mbio za gari, yani kasi yake. Kwenye pointi kila kitu kimo humohumo, dereva, mafundi wa piti wanaobadilisha tairi, mvua, gari la usalama (lile linaloingia kupunguza mwendo wa wote ajali ikitokea), bahati, na gari lenyewe. Si uliona Brazil, Verstappen kaanzia nafasi ya 17, mvua inamwagika, kashinda, sasa hapo utaniambia ni gari? Kama ni gari mbona Perez aliyekuwa nalo hilohilo kamaliza msimu na pointi 152 wakati mwenzake ana 437? Ndo maana Red Bull ikaishia ya tatu na pointi 589, nyuma ya McLaren 666 na Ferrari 652.

Mi nikitaka kujua mbio za gari naanzia Jumamosi, wakati wa kutafuta nafasi za kuanzia, maana pale kila mtu ana wese kidogo, tairi mpya laini na injini imeachiwa yote. Chukua muda bora wa kila timu, haijalishi kauweka dereva gani kati ya wawili, halafu tafuta gepu lao na timu iliyoongoza. Ila gepu hilo ligeuze liwe asilimia, usiliache kwenye sekunde, kwa sababu viwanja havilingani. Austria mzunguko mmoja ni kama sekunde 64, Spa ya Ubelgiji unapita sekunde 100, kwa hiyo ukiachwa sekunde 0.3 Austria umeachwa karibu asilimia 0.47, Spa hiyohiyo 0.3 haifiki hata asilimia 0.3. Watu wengi wanakosea hapo halafu wanabishana mpaka usiku.

Jumapili, siku ya mbio zenyewe, ni habari nyingine. Msimu huo wa 2024 gari liliruhusiwa kutumia wese mpaka kilo 110 kwa mbio nzima, na kila kilo 10 zinakula kama sekunde 0.3 kwa mzunguko, yani ule mtumbwi uliojaa mzigo na uleule ukirudi mtupu. Kwa hiyo kulinganisha mzunguko wa 5 wa huyu na wa 40 wa yule ni kujidanganya. Angalia mizunguko ambayo wote wako mwanzo wa mbio au wote wako mwisho wa mbio, aina moja ya tairi, umri wa tairi unakaribiana, na hakuna aliyenaswa nyuma ya mtu, maana ukimfuata mtu karibu hewa inavurugika, gari halishiki kona na tairi zinaungua.

Sasa ukipima hivyo 2024 utaona kitu kizuri sana, kwamba jibu linabadilika njiani. Bahrain mwezi wa 3 Verstappen kashinda kwa sekunde 22 na aliyemfuata ni Perez, tukasema haya msimu umeisha twende tukalale. Mwezi wa 5 McLaren wakaleta vifaa vipya Miami, dereva wao Norris akashinda, sawa gari la usalama lilimbeba, lakini wiki mbili baadaye Imola Verstappen kamponyoka Norris huyohuyo kwa sekunde 0.7 tu. Mwezi wa 8 Zandvoort, Uholanzi, nyumbani kwa Verstappen kabisa, Norris kampiga kwa karibu sekunde 23, na gari la usalama halikutoka hata mara moja. Verstappen kashinda mbio 7 kati ya 10 za kwanza, halafu 10 zilizofuata hakuambulia hata moja.

Kwa hiyo waambie hivi: mwanzo Red Bull, toka katikati McLaren, na mi naona kwa msimu mzima McLaren ndo walikuwa na gari bora, ubingwa wa dereva uliwaponyoka kwa sababu walichelewa kuamka. Na hata hivyo sio kila kiwanja. Monza yenye kunyooka kwingi Leclerc kashinda na Ferrari, Verstappen wa sita. Las Vegas, ile iliyoanza kwetu Jumapili saa 3 asubuhi wengine mko ibadani (mliochungulia simu mnajijua), baridi kali, Mercedes wakachukua ya kwanza na ya pili, na hiyo ni timu iliyomaliza msimu ya nne!

SWALI: Kwa nini timu inaongoza Ijumaa halafu Jumamosi inapotea? Msomaji, Bukoba.

JIBU: Ijumaa ni mazoezi tu, watu wanafichana. Hujui nani kaweka wese kiasi gani wala nani kaibana injini. Muda wa Ijumaa usiuwekee mkeka.

SWALI: Safari Rally ya Kenya nayo tunaweza kupima hivyo? Msomaji, Igoma.

JIBU: Kidogo. Kwenye rali gari zinatoka mojamoja, kwa hiyo unahesabu sekunde alizopoteza kwa kila kilomita ya hatua husika (kipande cha barabara kinachopimwa muda), basi. Shida ni barabara, anayetangulia anawafagilia wenzake changarawe na vumbi, wa nyuma anakuta pamesafishwa, na Naivasha, inakokimbiwa Safari, kuna mawe ya kupasua tairi ambayo hayajali una gari la timu gani. Ila Toyota wameshinda pale kila mwaka kuanzia 2021 mpaka 2025, na 2022 na 2023 walichukua nafasi zote nne za juu, sasa hapo sijui unataka asilimia za nini tena.