Re: Denzel Washington na rais George Washington ni ndugu?
Mkuu jina kufanana sio undugu, halafu George mwenyewe hakuzaa. Chimbuko la jina ni kijiji cha Washington kaskazini mwa Uingereza, karne ya 12 bwana mmoja William alipata ardhi pale akaanza kujiita kwa jina la kijiji, ukoo ukasambaa mpaka John Washington akaibukia Virginia kule Marekani miaka ya 1650, George ni kitukuu chake. Sasa utumwa ulipofutwa 1865 weusi wengi wakajichagulia majina ya ukoo, Booker T. Washington, yule mwalimu na kiongozi maarufu wa weusi wa Marekani aliyezaliwa utumwani, alijipachika lake akiwa dogo shuleni, mwalimu anaita majina na yeye ana moja tu 😂 Ndo maana sensa ya Marekani ya 2000 ilikuta karibu asilimia 90 ya akina Washington ni weusi.