Maswali ya Wasomaji: Usanifu wa Hifadhidata na Ngazi za Kazi

SWALI: Nina mwaka mmoja na nusu kazini. SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, hainisumbui, hata kuunganisha majedwali matano kwa kwiri (ombi) moja naweza. Lakini kila tathmini ikifika naambiwa bado niko ngazi ya chini. Nimepungukiwa nini?

JIBU: Huenda hujapungukiwa na SQL hata kidogo. Ngazi katika kazi hii hupimwa kwa uzito wa uamuzi unaokabidhiwa: ukikosea, kurekebisha kutachukua muda gani?

Wa ngazi ya chini hupewa mahitaji yaliyokwisha kuandikwa, naye hutoa jedwali moja au mawili. Hapo anatazamwa kwa mambo ya msingi. Kila jedwali liwe na ufunguo msingi, yaani safu (kolamu) inayotambulisha kila rekodi peke yake. Safu isiyoruhusiwa kubaki tupu iwekewe NOT NULL. Fedha zihifadhiwe kwa NUMERIC, aina ya namba za desimali kamili, kamwe si kwa FLOAT, aina ya namba za makadirio, kwa sababu kwenye FLOAT 0.1 ukijumlisha na 0.2 unapata 0.30000000000000004, na hesabu za mwisho wa mwezi hazitalingana. Namba ya simu ni maandishi. Ukiiweka kama namba, sifuri ya mwanzo inapotea.

Ngazi ya kati inaanza pale unapojua kanuni inaishia wapi. Chukua jedwali la bidhaa zilizoagizwa: oda_id, bidhaa_id, idadi, bei. Aliyetoka darasani na kanuni ya kutorudia data anaifuta safu ya bei, kwa kuwa bei tayari ipo kwenye jedwali la bidhaa. Kosa hili tunaliona mno. Bei ya bidhaa ikipanda wiki ijayo, risiti zote za nyuma zinabadilika nayo. Bei ya leo na bei iliyouziwa mteja siku ile ni taarifa mbili tofauti, kwa hiyo kila moja ina mahali pake.

Ngazi hiyo hiyo inakudai usome matokeo ya EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha hifadhidata inavyotekeleza kwiri, na kuyaelewa. PostgreSQL, mfumo mmoja wa hifadhidata, haikuundii faharasa (orodha ya kuharakisha utafutaji) kwenye safu ya ufunguo wa kigeni, ile inayoelekeza kwenye rekodi ya jedwali jingine. InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya mfumo mwingine, MySQL, hufanya hivyo yenyewe. Asiyejua hilo anafuta mteja mmoja kwenye PostgreSQL, kisha anashangaa mbona mashine inapekua jedwali zima la oda. Tena faharasa ya (mteja_id, tarehe) inasaidia sana ukitafuta kwa mteja_id, lakini ukitafuta kwa tarehe peke yake usiitegemee.

SWALI: Msanifu mwandamizi wetu tunamwona vikaoni tu. Anafanya nini hasa?

JIBU: Vikao ni sehemu ya kazi, kwani humo ndimo huamuliwa data ya watu ikae muda gani na nani aione. Ila kazi yake ngumu ni kubadilisha mfumo ulio hewani bila kuusimamisha.

Tuseme safu inahitaji jina jipya. Ukiibadilisha moja kwa moja, toleo la zamani la programu, ambalo kwa dakika kadhaa bado linafanya kazi sambamba na jipya, litaanguka. Mwandamizi anaongeza safu mpya inayoruhusu kuwa tupu, anatoa toleo linaloandika kwenye safu zote mbili, kisha anajaza rekodi za zamani kwa mafungu, labda 5,000 kila mara, asishikilie kufuli (kizuizi kwa wengine wanaotaka data hiyo) muda mrefu. Akishalinganisha, anahamishia usomaji kwenye safu mpya, anaacha kuandika ya zamani, na kuifuta kwenye toleo la baadaye kabisa.

Hata kuongeza safu, jambo la sekunde, kuna mtego. Katika PostgreSQL, amri ya kufanya hivyo, ALTER TABLE, inataka kufuli la peke yake. Ikikuta kwiri ndefu inaendelea, inasubiri, na kwiri zote zinazokuja baadaye zinapanga foleni nyuma yake. Weka lock_timeout (kikomo cha kusubiri kufuli) ya sekunde chache, ikishindikana jaribu tena. Faharasa ijengwe kwa CREATE INDEX CONCURRENTLY, isiyozuia uandishi. Ikikatika njiani huacha faharasa batili, ifute kabla ya kurudia.

Yeye pia ndiye wa kuona mapema kwamba ufunguo wa aina ya INTEGER (namba nzima) unaishia 2,147,483,647. Nakala rudufu nazo ni jukumu lake: zirejeshwe kwenye seva nyingine mara kwa mara, muda upimwe, idadi ya rekodi ilinganishwe.

SWALI: Kwenye usaili wanawezaje kujua ngazi yangu kwa swali moja?

JIBU: Wanaweza. Watakuambia: zuia chumba kimoja kisiwekewe nafasi na watu wawili kwa saa zinazogongana. Wa ngazi ya chini husema programu itazame kwanza kama chumba ni wazi, ndipo iandike. Maombi mawili yakiingia kwa pamoja, yote yanaona wazi, yote yanaandika. Wa kati anaweka kizuizi ndani ya hifadhidata yenyewe. PostgreSQL ina EXCLUDE USING gist, kizuizi kinachokataa rekodi zinazogongana, pamoja na kiendelezi cha btree_gist ili kulinganisha namba ya chumba. Mwandamizi atauliza kwanza: nafasi iliyoghairiwa inahesabika? Na anayetoka saa 4:00 kamili, anagongana na anayeingia saa 4:00?