Nyeupe peke yake sio selulosi: kwenu mnaoanza na nyuzi za mkonge

Wadogo zangu mnaoingia maabara mwaka huu na projekti za kutoa selulosi, ile minyororo ya glukosi inayojenga nyuzi za mmea, iwe ni mkonge, mgomba au miwa, naomba mnisikilize kabla hamjawasha hotipleti, maana kosa nililofanya mimi naliona linarudiwa kila mwaka na linamla mtu miezi.

Mi nilianza na nyuzi fupi za mkonge, zile zinazobaki wakishachukua nyuzi ndefu. Nikapika na sodiamu kloraiti na asidi asetiki, joto kati ya 70 na 80, kila baada ya saa naongeza dozi nyingine, mpaka saa ya nne hivi zile nyuzi zilizokuwa na rangi ya majani makavu zikawa nyeupe kama pamba. Nilifurahi sana. Nikakausha nikapima, asilimia 78 ya uzito niliouanza, nikaandika kwenye ripoti selulosi asilimia 78. Msimamizi wangu akasoma, akaniuliza kitu kimoja tu: hemiselulosi umeitoa saa ngapi? Sikuwa na jibu. Hemiselulosi ni minyororo mifupi ya sukari inayokaa pamoja na selulosi kwenye nyuzi, sio selulosi yenyewe.

Sasa hapo ndo pa kuelewa. Kloraiti kazi yake ni kula lignini, ile gundi inayoshika nyuzi za mmea, na lignini ndo inayoleta ile rangi ya kahawia, kwa hiyo ikiondoka kitu kinakuwa cheupe hata kama hemiselulosi yote bado imo ndani. Nilichokuwa nacho kinaitwa holoselulosi, yaani selulosi pamoja na hemiselulosi. Ukitaka selulosi yenyewe lazima kostiki, yaani sodiamu haidroksaidi, ipite. Kipimo cha zamani kinachotumika mpaka leo ni kostiki ya asilimia 17.5 kwenye nyuzijoto 20, kinachogoma kuyeyuka humo ndo wanaita alfa selulosi. Nilivyopitisha ile 78 yangu humo ikashuka mpaka 61, na hiyo ndo namba niliyoitetea.

Kwa hiyo mpangilio ninaowashauri ni huu. Kwanza toa nta na mafuta kwenye Soxhlet, kile kifaa cha kioo kinachoosha sampuli kwa kiyeyusho kinachochemka na kurudi tena na tena, tumia ethanoli na toluini, masaa sita mpaka nane, msiruke hii hatua kwa sababu nta inazuia dawa kuingia na pia inahesabika kwenye uzito wenu. Halafu kostiki ya asilimia 4 au 5 kwenye nyuzijoto 80, kama masaa mawili. Hapa mtaona maji yanageuka meusi kama kahawa chungu, ni lignini na hemiselulosi zinatoka, kostiki inakata vile viunganishi vinavyozishika pamoja. Mwaga, osha, ikibidi rudia. Ndo mje kwenye kloraiti. Mnaotumia mti kama paini mjue kazi ni nzito zaidi, lignini ya paini ni zaidi ya robo ya uzito wake wakati mkonge una kama asilimia 10, ndo maana viwanda vya karatasi vinapika mbao kwa kostiki na salfaidi kwenye joto la kama 170 ndani ya mtungi wa presha, sio kwenye bika.

Na msidhani kostiki kali zaidi na joto kubwa zaidi ndo bora. Kostiki inamega mnyororo wa selulosi kuanzia mwishoni, glukosi moja moja, ukizidisha unapoteza kile kile unachokitafuta, na ikifika zile asilimia 17 inabadilisha mpaka umbo la fuwele zake. Asidi kali yenyewe inakata mnyororo katikati, unaamka asubuhi unakuta unga badala ya nyuzi.

Usalama sasa, hapa siongezi chumvi. Kloraiti ikikutana na asidi inatoa klorini dayoksaidi, gesi ya njano yenye sumu, pikieni ndani ya kabati la kufyonza hewa tu, na kloraiti kavu isikae karibu na karatasi wala nguo, inawasha moto. Wanaotumia jiki badala yake, usiimimine kwenye sampuli yenye asidi hata tone, ni klorini hiyo. Na kostiki msipikie kwenye sufuria ya alumini, inakula sufuria na kutoa haidrojeni, nimemwona mtu anashangaa povu kumbe sufuria ndo inayoyeyuka. Kostiki ndo inawekwa kwenye maji kidogo kidogo, usigeuze.

Kuosha kunachosha lakini ndo kunaamua namba. Mimi nakunja sampuli kwenye kitambaa cha chachi, nakamua, naongeza maji yaliyokenekwa, nakamua tena, mpaka karatasi ya pH isome 7, na ile hali ya utelezi wa sabuni kwenye glavu iishe kabisa. Kostiki ikibaki ndani unaipima kama selulosi. Hivyo hivyo maji, nyuzi zilizokaa mezani zina unyevu kama asilimia 10, gramu 10 ulizopima mwanzo ni 9 tu kavu, basi kausheni kipande kwenye oveni ya 105 mpaka uzito usibadilike ndo mpige hesabu.

Kwenye FTIR, mashine inayopima sampuli kwa mwanga wa infraredi na kuchora vilele, angalieni kilele cha 1735 hivi, kikibaki hapo hemiselulosi ipo, na cha 1510 ni lignini. Kile cha 1640 ni maji, wengi wanakiita lignini wanakosea.

Na wanaotaka kuendelea mpaka nanoselulosi, yaani selulosi iliyopasuliwa mpaka vipande vidogo vya kiwango cha nano, msikaushe yote. Nyuzi zikishakauka zinashikana na hazifumuki tena vizuri, kwa hiyo chukua kipande kidogo cha kupimia ukavu, iliyobaki iache na unyevu wake kwenye chombo chenye mfuniko, iweke kwenye friji mpaka siku utakayoitumia.