Ndiyo, nililipa kuangalia mazoezi

Mjomba ameiona picha yangu ya uwanjani akaandika: "Kumbe muda unao. Ukitupigia sisi, dakika tano umechoka, lakini kukaa kutwa unaangalia watu wanafanya mazoezi unaweza." Wengine mkaangua vicheko. Shangazi akataka kujua tiketi ilikuwa shilingi ngapi. Basi leo nawajibu wote, maana maneno haya yamekuwa yakisemwa chini chini siku nyingi.

Nililipa, shangazi. Dola chache, hazifiki bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Na ni kweli yalikuwa mazoezi, ya timu ya chuo kikuu ya futiboli ya Kimarekani, ule mpira wa kushikwa mikononi. Ila kabla hamjanicheka, jiangalieni kwanza. Kila msimu unapokaribia kuanza mnaujaza Uwanja wa Mkapa, viti 60,000, Simba Day kwa wenye nyekundu na Wiki ya Mwananchi kwa wenye njano, ili mtambulishiwe wachezaji na kuona mechi ya kirafiki isiyo na pointi hata moja. Huku Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, ugonjwa ni huo huo, ila uwanja ndio mkubwa zaidi. Ohio Stadium ulifunguliwa mwaka 1922 na unameza watu zaidi ya laki moja. Aprili 2016 waliingia watu 100,189 kuitazama timu ya chuo kikuu cha Ohio State ikigawanywa mafungu mawili, icheze yenyewe kwa yenyewe. Mji huu hauna timu ya ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani. Za karibu ziko Cleveland na Cincinnati. Kwa hiyo vijana wa chuo ndio Simba na Yanga yao, wote kwa pamoja.

Kwa nini mazoezi na si mechi? Hapa niseme ukweli ambao huwa siwaambii. Mechi ni za Jumamosi, kuanzia mwisho wa Agosti hadi Novemba. Jumamosi hizo hizo ghalani ninakofanya kazi kila mwenyeji anaomba ruhusa, na anayebaki kubeba boksi ni mimi, Wasomali, na Wakongo wa Bukavu na Uvira ambao angalau tunapiga nao soga kwa Kiswahili. Malipo ya saa za ziada yanakuwa mazuri, na ile hela ya bati mnayoikumbuka ilitoka kwenye Jumamosi ya namna hiyo. Tena tiketi ya mechi na chuo cha Michigan, mahasimu wao, inaweza kula mamia ya dola. Kwa hiyo timu ninayoulizwa habari zake kila siku naiona Aprili tu, na baridi bado haijaisha.

Ninaulizwa, naam. Huku mtu anaweza kufanya kazi pembeni yako mwaka mzima asikuulize kwenu ni wapi. Lakini wakati wa chakula atakugeukia: "Unaonaje, nani ataanza?" Anamaanisha kwotabeki. Huyo ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza, kisha kwa sekunde mbili tatu anaamua autupe mbele, ampe mkimbiaji au akimbie mwenyewe, huku majitu ya kilo 130 yakimfuata. Nafasi yake ni moja tu, na aliyeikosa hakuna pembeni pa kumchezesha. Anasugua benchi. Siku niliyotoa jibu lenye sababu zake, wakaanza kunipisha kiti mezani. Wanachekesha, lakini ndivyo walivyo.

Sasa haya mazoezi ya majira ya machipuko. Sheria inaipa timu vipindi 15, na vingi hufanyika milango imefungwa. Kinachoonekana na watu wote ni ule mchezo wa yenyewe kwa yenyewe wa kufungia mazoezi, nao, niwe mkweli, hauna ladha ya mechi. Makwotabeki huvaa jezi nyeusi, maana yake ni marufuku kuwaangusha. Beki akifika karibu kipenga kinalia. Mchezo unasimama, unaanza, unasimama. Jirani yangu kwenye kiti alilala kabisa. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye jezi nyeusi tu: nani anatumwa na kikosi cha kwanza, nani anapewa kikosi cha tatu jua likiwa limeshapungua, nani anaongea na kocha na nani anasimama na chupa ya maji. Ushindani wenyewe unasomeka pale, hata ukiacha kuangalia ubao wa magoli.

Habari iliyonikaa zaidi ni ya 2018. J.T. Barrett, kwotabeki aliyekuwa akianza, alikuwa ameondoka, na waliogombea namba ni Dwayne Haskins na Joe Burrow, pamoja na kijana mwingine nyuma yao. Burrow ni mtoto wa Ohio hii hii, kaunti ya Athens, na alikuwa amekaa benchi misimu mitatu. Agosti 2017 alivunjika mkono, Haskins akampita kwenye foleni. Barrett alipoumia katikati ya mechi na Michigan mwezi Novemba, aliyeingia kuokoa jahazi ni Haskins. Aprili mchezo wa mazoezi ukachezwa, kocha wa wakati huo hakumtangaza mtu. Mwezi uliofuata Burrow, akiwa ameshamaliza shahada yake, akafungasha kwenda LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana. Msimu wa 2019 alishinda mechi zote 15, akatupa pasi 60 za kufunga, akabeba Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, na ubingwa wa nchi, kisha timu ya kulipwa ya Cincinnati ikamchagua wa kwanza kabisa kati ya vijana waliotoka vyuoni. Na Haskins naye hakubahatisha: mwaka ule wa 2018 alitupa pasi 50 za kufunga hapa hapa. Kocha alikuwa na vijana wawili wa namna hiyo na kiti kimoja.

Mezani kwetu bado wanabishana kama kocha alikosea. Mimi naona hakukosea kuchagua. Alichofanya ni kumweka mtu bila jibu, na hilo nalijua vizuri. Mimi na wenzangu tuliletwa ghalani na wakala wa ajira, tukaambiwa watakaofanya vizuri wataandikwa moja kwa moja. Lini, hakuna aliyesema. Unaenda kasi ya mtu anayetazamwa, kila siku, mgongo unauma, na Jumatatu unakuta aliyekuwa pembeni yako hayupo. Mkiona nimepiga simu nikaongea dakika tano, mara nyingi ni wiki ya namna hiyo.

Siku hizi vijana wa chuo hawasubiri. Tangu 2021 wanaweza kuhama bila kukaa nje msimu mzima, na mwaka huo huo wakaruhusiwa kuuza jina na sura zao kwenye matangazo. Kuanzia 2025 vyuo vyenyewe vinawalipa. Kwotabeki mzuri wa miaka 20 anavuna mamilioni ya dola. Kocha wa hapa, Ryan Day, anapokea zaidi ya milioni 10 kwa mwaka. Chuo cha serikali hicho! Aprili 2024 makwotabeki watano waligombea namba, wakiwemo Will Howard aliyehamia kutoka Kansas State na Julian Sayin aliyetoka Alabama. Howard akaipata, na Januari 2025 wakawafunga chuo cha Notre Dame 34 kwa 23 wakawa mabingwa. Sayin alivumilia, msimu uliofuata akaanza yeye. Wengine wawili, Devin Brown na Air Noland, walishakwenda vyuo vingine.

Nikifika hapo najua dada atauliza: na kijana wangu je, mrefu vile, ana mkono wa kurusha mawe hadi ng'ambo ya mto? Hapana, dada. Watoto wa huku wanaanza kurusha huo mpira wakiwa wa miaka saba minane, na wanaolenga ukwotabeki wana makocha wa kulipwa nyumbani. Atafika akiwa na miaka 19 akaambiwa ashike chupa za maji, tena bila viza. Mojawapo ya njia za chuo cha Marekani zilizowahi kumbeba Mtanzania ni mbio. Suleiman Nyambui alisoma na kukimbia chuo cha El Paso, Texas, na mwaka 1980 akachukua medali ya fedha ya mita 5000 Olimpiki ya Moscow. Makocha wa mbio wa vyuo hivi hadi leo wanasaka vijana Kenya. Kwa hiyo kama kweli anakimbia, nitumieni muda wake wa mita 1500 na 5000, uliopimwa kwenye mashindano, si ule wa simu ya rafiki yake. Na matokeo ya kidato cha nne, yote, hata hisabati mnayoificha.